Uso wa Kapteni Bandari

New York, 11 Februari 1963

Augie, mkongwe wangu,

Usishtuke kuona bahasha ya kampuni. Sikudai zile brashi ulizoondoka nazo. Anwani yako nimepewa na binamu yako muuza samaki, na kabla hajanipa alinisimulia kwanza, kwa sauti, mbele ya wateja, namna tulivyokutupa gazeti lilipofungwa mwaka arobaini na tisa. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Ananuka samaki, lakini anasema kweli.

Sasa sikia. Watoto wamerudia kusoma katuni za mashujaa. Huko Utica labda habari hazijapenya kwenye theluji yenu. Hapa tuna kijana mpya, anaitwa Cheche, anatoa umeme vidoleni, na gazeti lake halikai mezani. Basi Bwana Fenwick, mwenye kampuni, amekumbuka kwamba kabatini tuna shujaa wa enzi za vita ambaye hatujamgusa miaka yote hii: Kapteni Bandari. Wako na wangu, Augie. Anauliza, akirudi atanunuliwa? Na kwa kuwa yeye habahatishi hata kuvuka barabara, nimembunia hila.

Kapteni Bandari anarudi mjini. Jiji zima linalia kwa furaha. Kisha Kapteni huyo huyo anavunja benki! Cheche anapambana naye juu ya paa, anamshinda, anamvua barakoa, kumbe si yeye. Ni tapeli aliyevaa nguo zake. Picha ya mwisho tunawauliza wasomaji: je, mngependa yule wa kweli arudi? Tuandikieni. Tukipata gunia moja la barua, Kapteni anarudi kwa haki, wewe unamchora kila mwezi, na unaachana na mabango ya wauza matairi.

Jambo moja. Siku hizi siandiki hadithi nzima kwanza. Hayo maneno machache hapo juu ndiyo hadithi yenyewe. Wewe chora kurasa zote unavyoona inafaa, niletee, na mimi nikishaziona ndipo ninapoweka maneno kwenye viputo vya mazungumzo. Vijana wote wanafanya hivyo, na inaokoa muda. Tapeli ni nani, ana uso gani, nakuachia wewe.

Sema ndiyo.

Manny Karsh


Utica, 4 Machi 1963

Manny,

Kurasa ndizo hizo. Ndiyo yako utaikuta ndani yake.

Nisikufiche, nilishakataa. Nilikataa kila asubuhi nikizunguka jikoni na kikombe cha kahawa, mpaka Filomena wangu akanichoka. Akaniambia, "Augie, ama uchore, ama utoke nje. Mchuzi wangu unaungua kwa ajili ya kukutazama wewe." Nikachora. Mkono ulikuwa unakumbuka kila kitu: taa ya kifuani, mkanda mweupe, na vile viatu ambavyo mpaka leo sijui vinafungwa wapi.

Ila hii njia yenu mpya ni wazimu mtupu. Zamani ulinipa maneno kwanza, nikajua mtu analia kwa nini. Sasa nimechora mtu analia, na sijui anasema nini. Na kumchora mwizi ndani ya zile nguo kumeniuma, nakuambia wazi. Kila alipobeba mfuko wa benki nilitamani kumwambia auweke chini.

Nilipofika pale Cheche anapomvua barakoa nilikwama. Nilikaa mbele ya karatasi mpaka Filomena akadhani nimelala. Mwisho nikauachia mkono uende wenyewe, na uso ukaja mwepesi ajabu: mwanamume mwenye pua iliyowahi kuvunjika, kidevu chenye kishimo, macho ya upole. Nyuma yake, nisiulizwe kwa nini, nikaweka dirisha la duka kubwa na watoto wamepanga foleni. Nadhani anakumbuka kitu. Wewe mwenye maneno ndiye utakayejua anakumbuka nini.

Nimechelewa kwa sababu ya bango la yule muuza matairi. Usimdharau, ananialika kwake kila Pasaka.

Augie Terranova


New York, 12 Machi 1963

Augie,

Umenitoa chozi, na mimi si mtu wa machozi, muulize mke wangu wa kwanza. Bwana Fenwick amezitazama kurasa akaguna mara mbili. Kwa Bwana Fenwick huko ni kucheza ngoma.

Na ule uso! Umeutoa wapi? Huyo ni mtu kabisa, si katuni. Nilipoona dirisha la duka na ile foleni ya watoto, nikamjua papo hapo ni nani. Unakumbuka wakati wa vita tulivyokodi wanaume, tukawavisha vazi la Kapteni, wakawa wanasimama kwenye maduka makubwa kuuza hati za kuchangia vita na kupiga picha na watoto? Ndiye huyo! Mmoja wao, ameharibika. Nikampa maneno haya, akiwa ameangukia magoti:

"Ndiyo! Nilisimama madukani na nguo za shujaa, nikiwapakata watoto wenu! Sikuwa shujaa hata siku moja! Nilikuwa sanamu inayopumua! Nikasema, safari hii nguo hizi zitanifaa mimi!"

Kwa mara ya kwanza nimeandika mwizi anayenisikitisha. Tumepatia, rafiki yangu. Gazeti linatoka mwishoni mwa Mei. Noa penseli.

Manny


Newark, New Jersey, 3 Juni 1963

Bwana Mhariri,

Mume wangu ndiye Kapteni Bandari.

Nimeanza hivyo ili usiiweke barua hii pembeni. Sasa nakuomba uisome yote. Mume wangu anaitwa Kazimierz Wojtal, hapa mtaani wanamwita Kaz. Jeshi lilimkataa kwa sababu za afya. Kampuni yenu ikamwajiri avae vazi la Kapteni kwenye duka kubwa hapa mjini, na alilivaa mpaka vita vilipokwisha. Vazi likarudi kwenu, yeye akabaki dukani kuendesha lifti. Mchoraji wenu, bwana mwembamba Mwitaliano, alikuja zamani hizo kumchora akiwa amesimama, na alikula kabichi kwangu.

Uso mliouchora ni wa mume wangu. Pua ile aliivunja kwenye kiwanda cha bia kabla hatujaoana. Kidevu ni chake, na mwanangu anacho. Hata dirisha ni la duka lile.

Miaka yote hii watu wa mtaa wetu wanamwita Kapteni. Padri anamwita Kapteni. Ni utani, lakini ni utani wa kumpenda mtu. Sasa kila mwenye mtoto ana gazeti lenu. Jumapili, tulipotoka kanisani, bwana mmoja alikumbatia pochi yake Kaz alipopita. Watu wakacheka. Kaz naye akacheka. Tulipofika nyumbani alikaa mezani na koti lake mwilini, na joto lote lile, mpaka chakula kikapoa.

Hajui kwamba nakuandikia, angenikataza. Sitaki fidia. Nataka mwandike gazetini, mahali watu watakapoona, kwamba mtu yule si Kaz Wojtal na kwamba Kaz Wojtal hajawahi kuiba kitu cha mtu.

Wako,
Stella Wojtal


Kutoka ukurasa wa barua za wasomaji, gazeti la Cheche, toleo la Agosti 1963

"Mume wangu ndiye Kapteni Bandari."
Bi. Stella Wojtal, 88 Wickery Street, Newark, New Jersey

JIBU LA MHARIRI: Hongera, mama! Basi mwambie aje atuoshee madirisha ya ghorofani, na njiani airudishe ile pesa ya benki! Wasomaji, nyie mnaamini? Msituulize sisi, mwandikieni Bi. Stella, anwani yake si hiyo hapo!


Utica, 6 Agosti 1963

Manny,

Wojtal. Nimelisoma jina hilo nikiwa nimesimama kwa muuza magazeti, nikalazimika kushika rafu. Mwenye duka akaniuliza kama niitiwe mtu.

Sikubuni ule uso. Niliwahi kumchora yule bwana kule Newark, saa nzima, amesimama juu ya kreti huku watoto wanavuta mkanda wake na yeye anawaambia wangoje kidogo, mzee anafanya kazi. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, akaniita mzee ili watoto waniheshimu. Tangu siku ile, kila nilipomchora Kapteni, chini ya barakoa mkono wangu ulikuwa unamweka yeye. Sikujua. Ulipokuja wakati wa kuivua barakoa, akatoka.

Mimi nimemchora, wewe umemsemesha. Nilichora uso bila kujua ni wa nani, wewe ukamwandikia maisha yake bila kujua kwamba yapo. Hakuna kati yetu aliyemtaja, na tumemtaja mbele ya watoto wa nchi nzima. Hiyo ndiyo njia yako mpya inayookoa muda.

Halafu ukaweka na anwani ya nyumba! Najua ndiyo desturi, kila msomaji tunamchapa na mtaa wake. Lakini Manny, mke wa mtu anakuandikia, wewe unamfanyia kichekesho? Barua yake ilikuwa sentensi moja kweli? Simjui mwanamke wa Kipolandi anayeandika sentensi moja. Nenda kaitafute.

Augie


New York, 13 Agosti 1963

Augie,

Nimeitafuta. Nimeipata chini ya gunia, imekatwa kwa mkasi wangu mwenyewe. Kurasa mbili. Nilisoma mstari wa kwanza tu.

Usinihukumu bila kujua hali yangu. Kila siku napata barua za namna hii. "Mimi ni Cheche," "Shangazi yangu ni Cheche," "Paka wetu ametoa umeme." Nasoma mstari wa kwanza, natia utani, nakata, naenda nyingine. Ndivyo ukurasa ule unavyopendwa. Safari hii nimeisoma yote, nikairudia. Kwenye lile koti pale mezani ndipo niliponyanyuka nikafunga mlango wa ofisi.

Nimempelekea Bwana Fenwick. Akaita wakili. Wakili anasema tusichape hata neno moja la pole, kwa sababu pole ni kukiri, na kukiri ni mahakama. Anasema pia mtu yeyote wa kampuni asimwandikie yule mama. Hilo linakuhusu wewe, Augie. Nakujua. Usimwandikie.

Sasa na hili nalo nalisema nikiwa nimetazama chini: magunia ya barua ni matatu. Wasomaji wanamtaka Kapteni. Bwana Fenwick amekubali, toleo la Desemba, jina lake kwenye jalada. Kapteni wa kweli anarudi, anakuta jina lake limechafuka, tapeli ametoroka gerezani, wanapambana. Bwana Fenwick anataka Kapteni awe na uso mpya: kijana, nywele nzuri, kama hawa wa sinema. Tapeli abaki na uso ule ule, maana watoto wameshaukariri.

Ndiyo kazi uliyokuwa unaisubiri miaka kumi na minne. Sijui nikuambie uichukue au uikatae.

Manny


Newark, 2 Septemba 1963

Bwana Terranova,

Barua yako imefika, na jibini ya mkeo pia. Mwambie ahsante, tumeila na mkate. Nimeona unavyosema wakili amewakataza kuniandikia, nikaona una moyo, maana umeandika kurasa nne.

Unauliza Kaz yuko vipi. Barua zinakuja hapa tangu ile siku mlipochapa anwani. Watoto wa Ohio, watoto wa Texas. Mimi nilitaka kuzitia jikoni ziungue. Yeye anazisoma zote. Nilidhani yanayomuumiza ni yale matusi, "rudisha pesa, mwizi we," lakini hayo anayaweka chini tu. Anazozirudia ni zile zinazouliza, "Ni kweli ni wewe?" Anachukua kalamu, anaiweka. Hajui awajibu nini.

Kazini alikuwa lifti ya mbele siku zote, kwa sababu wateja walipenda kupanda na Kapteni. Kina mama waliowahi kuja na watoto wao walikuja na wajukuu. Mwezi uliopita meneja amemhamishia lifti ya mizigo. Kasema ni kwa muda, watu wanapiga makelele. Kaz anasema ni sawa, mizigo haiulizi maswali. Anaingia kwa mlango wa nyuma, anatoka kwa mlango wa nyuma. Mwanamume mwenye miaka hamsini na minane, na kitu pekee alichowahi kujivunia ni kwamba watoto walimkimbilia. Sasa akimwona mtoto, yeye huvuka barabara ili asikutane naye.

Unasema pole. Nimeipokea, wala sina kinyongo na wewe, ulikuwa mtu mzuri na ulimaliza kabichi. Lakini pole yako iko kwenye bahasha jikoni kwangu, na uwongo uko mikononi mwa watoto wa kila mji. Mimi nina masufuria tu. Wewe una brashi.

Stella Wojtal


Utica, 7 Oktoba 1963

Manny,

Nilimwandikia. Mpe salamu wakili.

Kurasa hizi hapa, na wakati unazifungua keti. Nimechora mapambano kama mlivyotaka, bandarini, makreti yanaruka, mtapata mlichokilipia. Ukurasa wa kumi na moja Cheche anamkamata tapeli. Uso ni ule ule watoto walioukariri. Lakini tazama kidole cha Cheche: kimenasa pembeni ya shavu. Anavuta. Uso unatoka. Ni mpira! Siku ile juu ya paa aliyevuliwa barakoa alikuwa amevaa nyingine chini yake. Aliiba nguo za Kapteni, akaiba na uso wake. Na chini ya mpira yuko nani? Ana pua yangu na miwani yako. Filomena ameona, amecheka mpaka akashika ukuta.

Ukurasa wa mwisho, Kapteni wa kweli anavua barakoa yake mbele ya watu wote. Ni Kaz Wojtal. Sikumfanya kijana. Nimemwekea mvi zake na mifuko chini ya macho, na nimemsimamisha kwenye mlango wa lifti, ya mbele, yenye kioo na shaba. Nilikwenda Newark kuiona. Yeye sikumwona, nilipita mbali.

Mimi kazi yangu imeishia hapo, na hapo ndipo ninapoogopa. Ukitaka, unaweza kuandika kwenye kiputo kwamba yule mzee wa lifti ni mpita njia aliyeazima nguo. Unaweza kuandika kwamba ule mpira ni ugonjwa wa ngozi. Picha zangu zitakubali chochote utakachosema, ndivyo zilivyokubali mwezi wa tatu. Hakuna muda wa kuzichora upya, nimehakikisha hilo, ndiyo maana nimechelewa. Safari hii sikuwa na bango la mtu.

Mwandikie maneno yake, Manny. Unajua sasa ni nani.

Augie


New York, 12 Novemba 1963

Bi. Wojtal,

Mimi ndiye mhariri. Mimi ndiye niliyeikata barua yako na kuifanyia mzaha, na mimi ndiye niliyeweka yale maneno mdomoni mwa yule mtu juu ya paa. Mchoraji alichora uso tu. Uovu wa maneno ni wangu peke yangu.

Nakutumia gazeti kabla halijafika madukani. Ukurasa wa mwisho nilikaa nao kwa siku nyingi kuliko hadithi yoyote niliyowahi kuandika, na mwisho wake nimeweka mistari michache tu, utaiona. Cheche anauliza, "Kapteni, miaka yote hii ulikuwa wapi?" Na Kapteni anajibu, "Newark, kijana. Nilikuwa nawapandisha watu juu na kuwashusha salama."

Chini yake, kwa herufi ndogo ambazo Bwana Fenwick hazisomi bila miwani, nimeandika kwamba uso wa Kapteni Bandari ni wa Bwana Kazimierz Wojtal, aliyelivaa vazi hili wakati wa vita, na kwamba hakuna mwingine. Ameyaona baada ya mitambo kuzunguka. Ameninyang'anya ukurasa wa barua, sasa anaujibu mpwa wake. Yule kijana anasoma kila barua mpaka mwisho, polepole, kidole kikiwa kwenye mstari. Nimeona aibu kumtazama.

Kampuni haitakuomba radhi. Mimi nakuomba, na nimeweka sahihi, na wakili afanye anavyotaka.

Emanuel Karsh


Newark, 20 Januari 1964

Bwana Karsh na Bwana Terranova,

Stella anasema ni zamu yangu, na amekaa hapa kuhakikisha. Barua hii ni moja kwa wote wawili, mtapokezana.

Meneja amenirudisha lifti ya mbele. Mwenyewe alikuja na gazeti akataka nimwekee sahihi, eti ni la mtoto wa dada yake. Watu wananisalimia tena. Padri ameligusia kanisani, Stella akavaa kofia yake mpya Jumapili iliyofuata ingawa kulikuwa na upepo. Nawashukuru. Bwana Terranova, siku nyingine usipite mbali, njoo ule.

Sasa kuna jambo Stella hapendi niliseme, na nitalisema. Mwezi wa sita kilichoniumiza si kuitwa mwizi. Mikono yangu naijua. Niliumia kwa yale maneno mengine, kwamba sikuwa shujaa hata siku moja, nilikuwa sanamu inayopumua. Bwana Karsh, hukunijua lakini hapo ulipatia. Wenzangu walikuwa vitani, mimi nilikuwa juu ya kreti. Ndiyo maana nilishindwa kuwajibu wale watoto. Ningewaambia ni mimi, ningekuwa nadanganya. Ningewaambia si mimi, ningekuwa nakubali yale ya paa. Na hili gazeti lenu la pili, mabwana, kwa upole kabisa, ndilo lenye uwongo. Mnasema ni mimi. Na hilo ndilo watu wamelipokea.

Sikilizeni yaliyotokea. Chini yetu anakaa mjane, Mama Jadwiga Sobczak. Wiki jana mwenye nyumba alileta wanaume watatu wamtolee vyombo nje. Mama Jadwiga akapanda ngazi, akagonga kwetu. Akasema, "Kapteni, shuka." Nikadhani ni utani, nikacheka. Yeye hakucheka.

Nikamwambia, "Mama Jadwiga, unanijua. Mimi ni mtu wa lifti."

Akasema, "Najua. Shuka hivyo hivyo."

Nikashuka. Nina goti ambalo jeshi liliniambia nirudi nalo nyumbani, na ngazi yote nilishika ukuta, sijui kwa ajili ya goti au kwa woga. Kwa woga. Sikuwa na mpango wowote. Nikaingia jikoni kwake nikaketi juu ya jiko lake kubwa la chuma, lililokuwa limepoa. Hilo tu ndilo lililonijia. Wale vijana walinibembeleza, wakanitukana, mmoja akasema, "Mzee, utaumia bure." Nikamwambia huenda. Mwisho wakatubeba wote wawili, jiko na mimi juu yake, wakatuweka nje kwenye theluji. Nikabaki nimekaa. Mwanamke wa ng'ambo ya barabara akatoka akakaa kwenye kiti cha Mama Jadwiga, mumewe akaketi juu ya sanduku. Wakaja wengine. Tukakaa pale barabarani kama tuko sebuleni, Stella akaleta supu.

Hatukushinda. Mlango umetiwa kufuli jipya, na Mama Jadwiga sasa yuko kwetu, analala chumba cha mbele na kukosoa supu ya Stella. Lakini jana amegonga mwingine, sijawahi hata kumwona, anatoka mtaa wa tatu, naye anafukuzwa nyumbani. Amekuja na gazeti lenu mkononi. Nilimwambia ukweli wote, kama nilivyowaambia ninyi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanisubiri nivae koti.

Kwa hiyo, Bwana Terranova, nina ombi moja kuhusu kurasa zijazo. Usinichore nikiruka kutoka paa hadi paa. Nichore nikishuka ngazi, taratibu, nimeshika ukuta. Hawa watu wanaamini, na mimi inabidi niende.

Kazimierz Wojtal